Mweupe Mwache

Ndama wa Shangazi Emiliana alikufa Jumanne asubuhi, na masikio yake yalikuwa safi. Hilo ndilo lililomkera shangazi kuliko kifo chenyewe.

Paskalina Hhando alipofika na gari la Mamlaka ya Vimelea alimkuta mama huyo ameketi kwenye kigoda mlangoni pa zizi, kichwa cha ndama mapajani, bado anachambua. Kidole gumba na cha shahada viliingia ndani ya sikio, vikafunua mkunjo, vikapapasa, vikahamia mkunjo mwingine. Alikuwa anatafuta kupe wa kahawia. Hakumpata hata mmoja. Waliokuwamo ni kupe weupe tu, wengi, wameganda kwa makundi kama punje za mtama, na kila alipowafikia aliwapitia taratibu asije akambandua mmoja. Ndivyo alivyofundishwa, na Shangazi Emiliana akifundishwa jambo, limefundishika.

Aliyemfundisha alikuwa Paskalina mwenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa daktari wa mifugo mbichi kabisa, alisimama nyuma ya gari katika vijiji vyote vya milima ile, akafungua makopo, akawaachilia kupe weupe majanini mbele ya watu walioshika vichwa. Watu waliuliza kama serikali imepata wazimu. Akawaeleza kwamba kupe huyu ametengenezwa. Mate yake hayabebi ndigana, ile homa ya kupe inayoua ndama, yanabeba chanjo ya ndigana. Akimuuma ndama amemchanja, bila sindano, bila barafu, bila kumsubiri daktari ambaye gari lake liko gereji tangu Pasaka. Amefanywa mweupe ili mfugaji amtambue kwa macho. Kisha akawafundisha wimbo alioutunga njiani: mweupe mwache, wa kahawia mchomoe. Watoto waliuimba shuleni, padre akauchomeka kwenye mahubiri, na yeye akapata jina la Mama Kupe, ambalo mwanzoni lilikuwa la kejeli na baadaye likawa la heshima.

Ndama waliacha kufa. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu asahau. Kwa miaka kumi na minane ndama hawakufa kwa ndigana katika milima ile, na akina mama waliokuwa wakizika nusu ya uzao kila mwaka walianza kuwapa ndama majina siku ileile wanapozaliwa. Hakuna aliyeogesha tena ng'ombe. Kupe weupe walikuwa wametengenezwa wasidhurike na dawa ya kuogeshea, ili mkaidi mmoja asije akawaangamiza, kwa hiyo josho la kijiji lilikauka na parokia ikaligeuza kuwa ghala la mahindi.

Paskalina alipiga magoti akashika shingo ya ndama. Chini ya sikio palikuwa na mtoki mkubwa kama yai la kuku. Puani povu lilikuwa limekaukia. Hereni ya Mamlaka iliyokuwa sikioni mwa ndama ilikuwa imemletea habari simuni siku nne mfululizo: homa, homa, pumzi za haraka, kisha kimya. Alijua ni nini. Alikuwa ameuona ugonjwa huo utotoni, katika zizi hilihili, alipokuwa yatima anayelelewa na shangazi yake, na hakutegemea kuuona tena.

Shangazi alisema huenda ni kichomi, maana baridi ya mwezi huu haina adabu. Paskalina akajibu kwamba huenda. Ulikuwa uongo wa kwanza, na ulikuwa mdogo.

*

Kipimo cha mate kilikuwa kifaa cha ukubwa wa kopo la ugoro. Unamweka kupe juu ya kitambaa chenye joto la sikio la ng'ombe, anadanganyika, anatema mate, na kioo kinakuambia alichotema. Paskalina aliwapima kupe kumi weupe kutoka kwa ndama aliyekufa, ndani ya gari, milango imefungwa. Mmoja alitema chanjo. Tisa walitema ndigana.

Alikifuta kipimo, akakiwasha upya, akapima kumi wengine. Matokeo yakawa yaleyale. Akajiambia kipimo kimeharibika, jambo ambalo mtu hujiambia akiwa tayari anajua halijaharibika, na akaamua kwenda kulinganisha katika boma jingine. Boma la karibu lilikuwa ng'ambo ya korongo, kwa Akonaay.

Akonaay alikuwa aibu ya kijiji. Hakuwahi kuchambua sikio la mnyama maishani mwake. Mara mbili alisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji kama mfano wa mfugaji mbaya, na mara zote mbili alinukia pombe na akaomba apewe kiti. Paskalina alimkuta kivulini mwa nyumba yake na kikombe mkononi. Akonaay hakusimama. Alimuuliza kama amekuja kumtangaza mara ya tatu, ili akavae shati.

Ndama wake wanne walikuwa wanarukaruka.

Masikio yao yalikuwa fedheha tupu, kupe wa kahawia na weupe wamechanganyika humo kama watu kwenye mnada. Paskalina aliwatoa, akawapima mmoja mmoja juu ya boneti. Wa kahawia, kama ilivyotarajiwa, walikuwa na ndigana. Weupe walitema chanjo, wote, bila hata mmoja kukosea. Ndama wale walikuwa wameumwa na wabaya na wema tangu siku ya kwanza, na wema walitosha.

Alikaa kwenye ngazi ya gari kwa muda ambao Akonaay alimalizia kikombe na kujaza kingine. Na hapo, juu ya ngazi ile, jambo lote likamfungukia.

Kupe weupe na wa kahawia huzaliana. Hilo Mamlaka ililijua tangu mwanzo. Katika kuzaliana, weupe unaweza kwenda upande mmoja na chanjo upande mwingine. Hutokea mara chache sana, na wakubwa walikadiria kwamba hawa wachache, weupe wasio na chanjo, watapotelea katika wingi. Kwa Akonaay walipotea kweli, kwa sababu pale kuwa mweupe hakumsaidii kupe chochote. Lakini katika boma ambamo kila jioni mkono unaingia sikioni, unamng'oa kila wa kahawia na kumwacha kila mweupe, weupe ni uhai. Na kubeba chanjo ni mzigo: kupe anayeibeba hunyonya polepole na kutaga mayai machache. Asiyeibeba, ilimradi ni mweupe, anakula haraka, anazaa sana, na mkono unampita. Miaka kumi na tisa ya kuchambua, jioni kwa jioni, bila kukosa hata Krismasi, ilikuwa imemfuga kupe wa ndigana mwenye nguo nyeupe. Na boma lililomfuga vizuri kuliko yote lilikuwa lile lililochambua vizuri kuliko yote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wahenga walivyotuachia. Hawakutuachia neno kuhusu anayesikia kila la mkuu. Ukutani kwa Shangazi Emiliana, pembeni mwa picha ya Bikira Maria, kulikuwa na vyeti kumi na vitatu vya Mfugaji Bora, na vyote vilikuwa na saini ya Paskalina.

*

Alimpigia mkurugenzi wa kanda, Dakta Mwasaga, mtu mpole aliyeogopa makao makuu kama wengine wanavyoogopa radi. Alimweleza yote. Mwasaga akamwomba afungue fomu ya Taarifa ya Chanzo.

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza kilisema uzembe wa mfugaji. Cha pili kilisema kupe walioingizwa kutoka nje ya eneo. Cha tatu kilisema haijulikani. Ukiweka alama kwenye kile cha kwanza, kikosi kinakuja baada ya siku mbili, kinaua na kuchoma mifugo yote ya boma la chanzo pamoja na kila zizi ambamo mnyama kutoka boma hilo amelala. Kwa kuwa hakuna dawa inayoweza kumuua kupe mweupe, moto peke yake ndio uliobaki. Ukiweka alama kwenye cha tatu, mambo yanakwenda kwa wataalamu kwa siku tisini, na katika siku hizo hakuna anayeruhusiwa kuua hata kuku.

Hapakuwa na kisanduku cha utii.

"Unajua kupe jike hutaga mayai mangapi," Mwasaga alisema.

"Elfu nne."

"Basi baada ya siku tisini watakuwa wangapi, usiniulize mimi. Ukisema wimbo ndio uliokosea, watataka kuthibitisha. Watathibitisha vizuri sana, kwa kitabu, na milima yote itakuwa imeisha. Andika uzembe, Paskalina. Zima moto kwanza. Ukweli hauozi, utauandika baadaye."

Paskalina alimkumbusha kwamba wakiandika uzembe watu wataambiwa wachambue zaidi, na kuchambua ndiko kunakomzaa huyu kupe. Mwasaga alikubali kwamba ni hivyo. Alisema pia kwamba boma la chanzo linatakiwa kuwa na orodha kamili ya wanyama waliotoka humo, na kwamba anaisubiri.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Watu wa milima ile hawaweki ng'ombe wote mahali pamoja. Mwenye nao humpelekea mtamba rafiki, jamaa, au jirani aliyeishiwa. Yule anakunywa maziwa na kutumia samadi, na siku moja anarudisha mnyama au uzao wake. Halitangazwi. Anayetunza huhesabiwa na majirani kuwa mwenye ng'ombe, wanawe hutembea vifua mbele, na anayejua ukweli hunyamaza, maana kusema ni kumvua mtu nguo mbele ya wanawe. Serikali ilipoleta hereni, kila mmoja alisajili aliyelala zizini mwake. Ramani ya Mamlaka ilikuwa imejengwa juu ya heshima ya watu, na kwa kutafutia kupe haikufaa kitu. Mitamba ya Shangazi Emiliana ilikuwa wapi, alijua Shangazi Emiliana peke yake.

*

Alirudi saa tisa alasiri. Ndama alikuwa ameshazikwa, na shangazi alikuwa anachambua masikio ya mama yake ndama, ng'ombe wa kijivu aliyelia tangu asubuhi. Paskalina alimwamkia tena ingawa walikwisha kuamkiana, kwa kukosa pa kuanzia.

Alimwambia kwamba si kichomi. Alimwambia kuna ugonjwa, na kwamba lazima aifuate mitamba yote iliyotoka humu. Shangazi aliuliza ataifuata aifanye nini. Paskalina akasema ataitibu.

Shangazi aliendelea na sikio mpaka likaisha. Alisema jambo hilo haliombwi. Alisema hata marehemu mumewe hakuwahi kumuuliza mitamba yake ya urithi iko kwa nani. Paskalina akaapa kwa kaburi la baba yake, ambaye alikuwa kaka wa shangazi huyohuyo, kwamba majina hayatatamkwa mbele za watu. Aliapa akiwa anaangalia chini, na shangazi akadhani ni adabu.

Kumi na mmoja. Aliwataja bila kusitasita, kila mnyama kwa rangi yake na kila nyumba kwa shida yake: mwekundu mwenye baka kwa mjane wa mwalimu, mweusi kwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa, mwenye madoa kwa wakwe wa binti yake wa pili. Vijiji saba. Paskalina aliandika haraka. Wa mwisho alipotajwa, kalamu ilisimama.

"Kwa Akonaay, Shangazi? Mlevi yule?"

"Ana watoto sita," alisema shangazi. "Watoto hawalewi."

Mtamba huyo alikwenda huko wakati wa mavuno, wiki saba tu zilizopita. Paskalina aliwaona tena wale ndama wanne wakirukaruka. Kwa mujibu wa utaratibu wangechomwa pamoja naye, na masikio yao machafu, ambayo yalikuwa ushahidi pekee milimani kwamba kuchambua ndiko kulikokosea, yangechomwa nayo.

Alikwenda kukaa garini na fomu. Nitasema wazi kwamba hakuwa mtu mwoga, wala hakuwa akiilinda kazi yake. Wanaosema hivyo leo hawakuwapo. Alikuwa akihesabu ndama. Mitamba kumi na mmoja, vijiji saba, kupe elfu nne kwa kila jike, siku tisini. Upande mmoja palikuwa na jina la mtu mmoja. Upande wa pili palikuwa na mjane wa mwalimu na wengine kama yeye elfu kadhaa, ambao hawana kingine. Hesabu haikuwa ngumu, na aliichukia kwa urahisi wake.

Alichukua kopo dogo la kioo, akatia ndani kupe aliowatoa kwa Akonaay. Kupe anaweza kukaa mwaka bila kula. Alijiambia kwamba mtamba wa mwisho akishachomwa ataandika taarifa ya pili, yenye ukweli wote, na kopo hilo litakuwa shahidi wake. Kisha akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza.

*

Kikosi kilikuja Alhamisi, kikafanya kazi yake kabla ya saa sita mchana. Walikuwa vijana wa heshima. Walivua kofia walipomsalimia mwenye boma, na walimwachia ng'ombe wa kijivu awe wa mwisho kwa sababu aliwaomba. Ng'ambo ya korongo moshi mwingine ulipanda, na sauti ya Akonaay ilisikika ikiuliza, bila ulevi wowote, amekosa nini safari hii.

Tangazo lilitoka kwenye redio ya wilaya saa saba, na kwenye simu za watu wote, na kwenye spika ya ofisi ya kijiji. Mamlaka ilikuwa imebaini chanzo cha ugonjwa kuwa uzembe katika uchambuzi, boma la Emiliana Hhando, na mitamba iliyotolewa kwa siri kwa watu wafuatao. Yakasomwa majina kumi na moja. Kisha wafugaji wote wakaagizwa kuanzia leo kuchambua masikio mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, bila kisingizio. Mwisho ukapigwa wimbo, umeimbwa upya na kwaya ya watoto.

Paskalina aliusikiliza mpaka mwisho. Simu yake ilikuwa na ujumbe wa Mwasaga: makao makuu wamefurahishwa na kasi, na wanamtaka aongoze kampeni mpya. Kuhusu taarifa ya pili, wanashauri asubiri kidogo, hali itulie.

Shangazi Emiliana alikuwa ameketi kwenye kigoda kilekile, mlangoni pa zizi lisilo na kitu. Mikono ilikuwa mapajani na haikujua pa kwenda. Paskalina alikuwa amejiandaa kwa laana. Alijiandaa kuulizwa kiapo cha kaburi kimekwenda wapi, na alistahili kuulizwa. Alichuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akichuchumaa utotoni.

Shangazi hakuuliza kuhusu kiapo. Majirani wawili walipita nje ya ua, wanawake aliowafundisha yeye kuchambua, wakageuza nyuso. Aliwaangalia mpaka wakapotea.

"Paska, mwanangu," alisema. "Ni yupi niliyemwacha?"

Paskalina hakuelewa.

"Kupe. Wamesema uzembe, na wewe huwezi kusema uongo juu yangu. Kuna wa kahawia nilimwacha mahali. Nimekaa hapa nakumbuka kila sikio, sikio kwa sikio, tangu masika, simwoni. Nionyeshe alikuwa wapi."

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Hukumwacha yeyote, Shangazi. Ungewaacha wachache tungekuwa na ng'ombe. Lakini mitamba mitano ilikuwa bado haijafikiwa, vijiji viwili vilikuwa vimefunga barabara kwa magogo, na Shangazi Emiliana akipewa ukweli angeamka palepale akatembea mpaka ofisi ya kijiji akausema kwenye spika. Asingeweza kufanya vingine. Tangazo lingesimama, kikosi kingerudi, siku tisini zingeanza kuhesabiwa. Paskalina alilijua hilo lote kwa mara moja, na alijua pia kwamba mitamba mitano ikiisha patakuwa na sababu nyingine.

"Alikuwa ndani kabisa, Shangazi," alisema. "Sikio la kushoto, nyuma ya mkunjo. Mmoja tu."

Shangazi Emiliana alifikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa amekiweka vibaya.

"Macho," alisema. "Tangu mwaka juzi hayaoni vizuri jioni. Nilipaswa kukuambia." Akanyoosha mkono akamshika mpwa wake shavuni. "Umenisomea hadharani majina ya watu wangu, na sikulaumu, mwanangu, mimi ndiye niliyeanza kukuangusha. Unisamehe."

Paskalina alisema amemsamehe.